Praat: ya bure, nyepesi, na haikwambii ukikosea

Kwa anayepima sauti za lugha, programu hii ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam bado haina mpinzani wa maana. Hailipiwi, ipo ya Windows, Mac na Linux, na kwenye Windows unaibeba kwenye flashi bila kuisakinisha. Sura yake ni ya kizamani. Ukiifungua yanatokea madirisha mawili, Objects na Picture. Hilo la pili lifunge, utalitafuta siku ya kuchora michoro ya tasnifu.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haikosi jibu. Iulize fomanti (masafa ya mwangwi wa kinywa yanayotofautisha irabu, F1, F2, F3 kuanzia chini), itakupa namba hata kama ni upuuzi, na wanafunzi huinakili hivyo hivyo. Chukua /u/ ya mwanamume. Programu huja ikiwa imepangwa kutafuta fomanti 5 chini ya Hz 5500, kiwango cha sauti ya mwanamke. Kwa mwanamume shusha hadi 5000. Usiposhusha, F1 na F2, ambazo kwenye /u/ na /o/ zimekaribiana, huweza kuhesabiwa kuwa moja, F3 ikachukua nafasi ya F2, na kwenye mchoro wa irabu /u/ yako ikahamia mbele kwa /i/. Kwa mtoto mdogo panda hadi karibu 8000. Kabla ya kuandika namba yoyote, tazama vidoti vyekundu juu ya spektogramu, picha ya nguvu ya sauti kwa muda na masafa: visipofuata mikanda myeusi, badili mpangilio. Halafu pima katikati ya irabu, maana kingoni konsonanti huivuta.

Kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti, nacho huruka. Mstari wake ukipanda ghafla hadi maradufu au ukashuka hadi nusu, hasa sauti inapokwaruza mwishoni mwa sentensi, bana mipaka: Hz 75 hadi 300 kwa wanaume, 100 hadi 500 kwa wanawake.

Kwenye mpumuo, ile pumzi inayofuata mlipuko wa konsonanti, ndipo Praat inaponoga. Anayelinganisha paa la nyumba na paa mnyama katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, anakuza mpaka mawimbi yahesabike, anateua kuanzia mlipuko wa /p/ hadi wimbi la kwanza la irabu, na muda unasomeka hapo hapo. Kwa /b/ na /d/ mtetemo wa nyuzi za sauti hutangulia mlipuko, kwa hiyo muda huo huandikwa kuwa hasi. Alama ya kutoa unaiweka mwenyewe.

Unukuzi hufanyika kwenye TextGrid, faili ya maandishi yanayopangwa sambamba na sauti: Enter hukata mpaka, Tab hucheza kipande ulichoteua. TextGrid ni faili mbali na rekodi, kwa hiyo kuhifadhi moja hakuhifadhi nyingine, na vilivyomo kwenye orodha ya Objects hukaa kwenye kumbukumbu tu. Umeme ukikatika, kazi imekwenda. Mahojiano ya dakika 40 yafungue kama faili ndefu, na usishtuke spektogramu isipoonekana. Kuza hadi kipande kisichozidi sekunde 10.

Ilishe WAV ya Hz 44100. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umekwisha kukandamizwa, usipimie /s/ wala /sh/ humo.

Kama data yako ni video, au watu watano wanaongea kwa mpigo, nukuu kwenye ELAN, programu ya kunukuu video na sauti, ambayo husoma na kutoa TextGrid, kisha vipande vya kupima uvilete huku.