Kofia mbili za manyoya ya yaki

Wilayani West Kameng, jimbo la Arunachal Pradesh nchini India, Washerdukpen wa Rupa na Shergaon wanapakana na Wamonpa wa Dirang. Wote hutengeneza kofia kwa manyoya ya yaki, ng'ombe wa milimani. Ya Wamonpa ni nyeusi, manyoya yameshindiliwa mpaka yakashikamana, na vishungi vyake huchuruzisha maji ya mvua yasimfikie mtu usoni. Hiyo ni kofia ya mchungaji hasa! Ya Washerdukpen, gurdam, ni nyeupe, vishada vikining'inia mpaka usoni. Mwanamume huivaa na shuka ya hariri isiyo na mikono, ncha zimebanwa mabegani, mkanda kiunoni. Kwa kazi ningechukua ya Wamonpa. Kwa sherehe, gurdam haina mshindani: kichwa kikigeuka, vishada navyo vinacheza.