Mafuta ya alizeti ya duka moja pale Majengo: jikoni safi, ila uvimbe wa kichwa hayatibu

Nianze na mafuta yenyewe maana wengi mnaniuliza. Ni alizeti ya kukamua kweli, ukifungua dumu tu harufu ya mbegu inakupiga puani, ukikaangia mchicha ladha unaisikia, hayajachakachuliwa hata kidogo, kwa mapishi nayapa nyota tano.

Shida ni ile karatasi waliyobandika kwenye dumu, eti yanatibu uvimbe wa ubongo. Mama mdogo ana glioblastoma, yaani saratani kali ya ubongo, tumeenda naye, kaka muuzaji anamwambia "mama, uvimbe unakula sukari tu, acha ugali, kunywa vijiko viwili asubuhi na jioni", na akaongeza eti safari ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road aiahirishe kwanza. Hapo nilikasirika sana jamani.

Hiyo ya sukari haijatoka hewani, Mjerumani Otto Warburg aliona tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani zinabugia sukari kupita kawaida. Ila haikuishia hapo. Watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha 2017 kwamba seli za uvimbe huu zinachoma mafuta pia kupata nguvu, wakawapa panya etomoksiri, dawa inayozuia mafuta yasiingie kwenye mitokondria (sehemu ya seli inayotengeneza nguvu) kuchomwa, uvimbe ukapunguza kasi na panya wakaishi muda mrefu zaidi. Yaani wanachotafuta ni kuunyima mafuta, huyu anauza vijiko viwili asubuhi na jioni! Sisemi ukila chapati uvimbe unakua, hapana, lakini "unakula sukari tu" sio kweli. Na hiyo etomoksiri msiiulizie famasi, ilishajaribiwa kwa wagonjwa wa moyo ikasimamishwa kwa sababu ya hofu ya madhara kwenye ini, kwa hiyo bado ni njia ya utafiti.

Chakula cha keto (mafuta mengi, wanga kidogo sana) nacho madaktari wanakichunguza, haijathibitika kwamba kinaponya. Kilichothibitika ni upasuaji, mionzi na temozolomaidi, dawa ya kemo. Kwenye utafiti mkubwa wa 2005, mionzi peke yake nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 12.1, wakiongezewa hiyo dawa ikafika 14.6. Kwa ugonjwa wa kuhesabu miezi hivi unamwambiaje mtu aahirishe?

Mafuta nunueni, ni mazuri. Wenye duka, bandueni hiyo karatasi leo, na huyo kaka asimshauri tena mgonjwa kuacha hospitali. Huduma naipa nyota moja mpaka nione imetoka.