Virusi vilipoteka faili zangu: Emsisoft, Malwarebytes na fundi wa mjini

Wezi walioziteka faili zangu kwa virusi walitaka dola 980. Ukiwaandikia ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, inabaki 490, na kwa bei ya dola ya mwaka 2022 hiyo nusu ilizidi shilingi milioni 1.8 za Uganda. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kampala. Fedha hiyo sina, na ningekuwa nayo ningeezeka nyumba.

Julai ya mwaka ule Baraza la Mawaziri lilikuwa limepitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na shule zilizokuwa hazinijui zikaanza kunipigia simu kuulizia noti. Noti zenyewe, kazi ya miaka minne, zilikuwa kwenye laptopu moja. Laptopu hiyo mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa likizoni kwangu, aliiomba ahariri video ya kwanjula, sherehe ya utambulisho, ya dada yake. Nikampa. Programu ya kuhariri inauzwa, yeye akapata ya bure iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli isidai malipo, na maelezo yake yalisema wazi: zima antivirasi kwanza. Akaizima. Mtu akikwambia ufunge mbwa kabla hajaingia uani kwako, huulizi kwa nini?

Bando likaisha faili lilipomaliza kushuka. Lishike hilo la bando, litarudi. Akaisakinisha hivyo hivyo bila intaneti, ikatokea dirisha la kusema Windows inajisasisha, asilimia zikipanda taratibu. Akatoka kununua rolex, ile chapati ya mayai, pale kona. Aliporudi akaniita: "Shangazi, njoo uone, faili zako zimebadilika majina."

Faili la ngeli la kidato cha pili lilikuwa na jina lake lile lile, ila nyuma ya .docx limeota mkia wa herufi nne zisizo na maana. Ukilifungua, Word inalalamika kwamba limeharibika. Na kila folda ilikuwa na kijifaili kimoja kipya, _readme.txt, kinachoanza kwa kukubembeleza usijali, vitu vyako vyote utavipata, kisha kinataja bei. Ukiona hayo matatu pamoja, yaani mkia mpya, faili kutofunguka na barua ya fidia, hiyo si virusi ya kawaida, ni ransomware, inayofunga faili zako ili ulipe ndipo zifunguliwe. Lile dirisha la Windows kujisasisha nalo lilikuwa kiini macho, la kukufanya ukae mbali na mashine wakati kazi inaendelea nyuma.

Kosa langu mwenyewe lilifuata. Nilinunua bando jipya ili nitafute msaada, nikachomeka flashi yenye nakala zangu nihakikishe ziko salama. Baada ya dakika chache kitaa cha flashi kikaanza kuwakawaka peke yake. Virusi hivi hujipangia kazi ndani ya Windows, kila baada ya dakika tano vinaamka kuangalia kama kuna faili jipya la kufunga. Flashi yangu ilikuwa faili jipya.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi mmoja katikati ya mji, ghorofani, duka lenye skrini za simu zilizopasuka hadi mlangoni. Kijana wa Kikongo, Kiswahili chake kitamu. Akatazama dakika mbili: "Mama, hii nafungua. Laki sita, nusu sasa." Nikamuuliza atafungua kwa ufunguo gani. Akasema ana programu. Nikamuomba afungue faili moja tu mbele yangu, nilipe. Akaanza kuzungumzia kufomati. Kufomati kunaondoa virusi, ndiyo, kunaondoa na faili pia! Nikachukua laptopu yangu. Fundi huyo simpi nyota hata moja, ila namshukuru kwa kitu kimoja: alinifanya nielewe kwamba kuondoa virusi ni kazi moja na kufungua faili ni kazi nyingine, na wengi wanaokulipisha ya pili wanaijua ya kwanza tu.

Ya kwanza ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nilikata waifai, nikawasha mashine katika hali salama (Safe Mode), kisha nikaipitisha Malwarebytes, programu ya kusaka virusi, toleo la bure nililolipakua kwenye kompyuta ya shule. Ilikamata faili kuu lililojificha ndani ya folda ya AppData pamoja na ile kazi ya kila dakika tano. Baadaye nikaendesha ule ukaguzi wa Microsoft Defender unaofanyika kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi, haukupata kitu kingine. Lililobaki nililifanya kwa mkono: faili la hosts, ambalo Windows hulitazama kujua tovuti iko wapi, lilikuwa limejazwa majina ya tovuti za usalama ili nisiweze kuzifungua. Nilikuwa nimelaumu mtandao bure. Malwarebytes nyota nne. Tano ingepata kama isingenisumbua kila siku ninunue toleo la kulipia.

Jambo moja watu hulisahau: virusi vya aina hii mara nyingi huja na mwenzao, mwizi wa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Nilibadilisha nywila zote kwa simu, si kwa ile laptopu, nikianza na barua pepe.

Sasa faili. Kuna tovuti ya ID Ransomware, unaipa barua ya fidia na faili moja lililofungwa, inakwambia umetekwa na nani. Jibu lilikuja mara moja: STOP, jina jingine Djvu. Ndiyo inayopenda kompyuta za nyumbani, na mlango wake mkubwa ni hizi programu za kukraki. Nilihakikisha pia kwenye No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama, Kaspersky na McAfee. Zote zikanielekeza kwenye kifaa kimoja cha bure, programu ya kufungua faili kutoka kampuni ya usalama ya Emsisoft: Emsisoft Decryptor for STOP Djvu, kilichotoka Oktoba 2019.

Nikakiendesha. Kwa faili za laptopu kikasema: kitambulisho hiki ni cha nje ya mtandao, ufunguo bado hatuna, huenda ukapatikana baadaye. Kwa faili za flashi kikasema: kitambulisho cha mtandaoni, haiwezekani.

Nilihitaji kahawa mbili kuielewa. Virusi hivi vikiamka huomba ufunguo kwenye seva ya wezi, ufunguo wako peke yako, na huo anao mwizi tu. Visipoipata seva, vinatumia ufunguo mmoja vilivyobeba vyenyewe, ule ule kwa kila mtu aliyepigwa na toleo lile lile akiwa hana mtandao. Mhanga mmoja akilipa na kuukabidhi ufunguo huo kwa Emsisoft, wengine wote wanafunguliwa. Unaweza kujiangalia: fungua C:\SystemID\PersonalID.txt, kitambulisho kikiishia na t1, una matumaini. Changu cha kwanza kiliishia na t1. Cha pili, cha siku niliyonunua bando na kuchomeka flashi, hakikuishia hivyo. Kwa hiyo bando lililoisha liliokoa noti zangu, na bando nililolinunua kwa haraka likaipoteza flashi. Mtoto wa kaka yangu hadi leo anadai shukrani.

Nilisubiri miezi saba. Kila mwisho wa mwezi nakiendesha kifaa kile, kinanipa jibu lile lile, nakifunga. Kisha Jumamosi moja, badala ya sentensi niliyoizoea, majina ya faili yakaanza kuteremka kwenye skrini, ngeli, vitendawili, mitihani ya majaribio, moja baada ya jingine. Nilisimama. Tahadhari mbili tu: kinahitaji intaneti ili kichukue ufunguo, na kwa kawaida kinabakiza yale yaliyofungwa kando ya yaliyofunguliwa, kwa hiyo diski yangu ilijaa katikati ya kazi. Hamisha vitu kwanza. Emsisoft nyota tano, na sisemi hivyo kwa sababu ni bure. Nasema kwa sababu kiliponiambia "haiwezekani" hakikuniomba hela.

Flashi nayo haikupotea yote. STOP ina haraka, hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo wa faili na kuliacha lililobaki. Kwa hati ya Word hicho ni kifo. Kwa sauti na video, si lazima. Kuna kifaa kingine cha bure, Media_Repair cha DiskTuna. Unakipa rekodi moja nzima iliyotoka kwenye kinasa kile kile kama mfano, nacho kinajenga upya mwanzo wa zile mbovu. Kwenye flashi nilikuwa na mahojiano kumi na moja niliyofanya na akina bibi wa Kinubi kule Bombo, Kiswahili chao cha zamani, na wawili kati yao hawapo tena. Tisa yamerudi. Kinasumbua kutumia na maelezo yake ni machache, nyota tatu na nusu. Rekodi zangu ni MP3 za kbps 128, kwa hiyo kila moja imekatwa kama sekunde kumi za mwanzo. Salamu zote zimekwenda. Ukibonyeza, bibi anaanza moja kwa moja: "...salama tu, mwanangu. Sasa unataka nianzie wapi?"