Gari la roboti lenye kamera: lipi linaona kweli?

Ukitazama maboksi tu, magari haya yote ni mamoja: matairi, nyaya za rangi rangi, kamera iliyochomoza mbele, na maandishi makubwa kwamba mwanao atajifunza akili mnemba. Tofauti imejificha kwenye bodi, yaani saketi inayoliendesha gari. Kamera hupiga picha tu. Anayejua kwamba ile ni sura ya mtu au ni mpira ni ubongo ulio nyuma yake. Ndiyo maana naulizia bodi kwanza, bei baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa SunFounder PiCar-X. Ubongo wake ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo kamili inayoendeshwa na mfumo wa Linux, na kazi ya kuona inafanyika humo humo garini kwa lugha ya programu ya Python na maktaba ya OpenCV (msimbo uliokwisha kuandaliwa wa kuchambua picha). Mwanafunzi akiandika mistari michache, gari linafuata mpira mwekundu sebuleni. Akizichezea namba za rangi, linaacha mpira na kukimbilia ndala za dada yake. Hapo anaanza kuelewa, bila kuhubiriwa, kwamba kwa kompyuta picha ni namba tupu. Python ikimshinda, kuna vitalu vya amri vya kuburuta kwenye skrini. Nalipendekeza kwa mtoto wa miaka 13 kwenda juu.

Ubaya wake uko mfukoni, maana mara nyingi Pi haimo ndani ya boksi. Pi 4 ya GB 4 ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa dola 55, lakini usiende dukani na hesabu hiyo. Kuna kadi ya memori, usafiri na ushuru. Jambo jingine: weka servo ya usukani (mota ndogo inayogeuza matairi) kwenye sifuri kabla hujakaza skrubu. Mimi nilikuwa na haraka, nikakaza kwanza, gari likawa linavuta kushoto kila nikilituma mbele. Jioni nzima nikashinda na bisibisi nikibomoa nilichojenga.

Kwa mdogo zaidi, wa miaka 9 hadi 12, chukua Maqueen Plus ya DFRobot pamoja na kamera ya HuskyLens. Gari linaongozwa na micro:bit, ile bodi ndogo ambayo BBC waliwagawia wanafunzi Uingereza mwaka 2016. Micro:bit yenyewe haina uwezo wa kuona, ila HuskyLens ina chipu yake na kioo chake kidogo. Mtoto anailenga kwenye uso wa bibi, anabonyeza kitufe, imeshajifunza. Kuanzia hapo ikimwona bibi inaipelekea micro:bit namba ya uso huo, na programu inaamua: simama, geuka, piga honi. Raha tupu. Nimeiweka ya pili kwa sababu kujifunza kwenyewe kunafanyika ndani ya kiboksi kilichofungwa; mtoto anapewa jibu bila kuona lilivyopatikana.

Gari la Elegoo V4 ni la tatu, na najua wengi watabisha kwa kuwa bei yake ni nafuu. Kwa kujifunza mota, sensa za kufuata mstari na lugha ya programu ya C++, sina neno nalo. Lakini ubongo wake ni Arduino Uno, bodi ndogo yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya KB 2, yaani baiti 2,048. Picha moja ndogo isiyo na rangi, ya nukta 320 kwa 240, inataka baiti 76,800. Itaiweka wapi? Kwa hiyo kamera yake inarusha video kwenye simu yako kwa Wi-Fi, na anayeona ni wewe.

JetBot, gari jingine la kamera linaloendeshwa na bodi ya Jetson Nano, lilikuwa moto mwaka 2019. Leo mfumo wake rasmi umegota kwenye Ubuntu 18.04, toleo la zamani la Linux, na maktaba nyingi mpya zinaukataa. Hata ukiuziwa mtumba kwa bei ya kutupa, iache.

Lolote utakalochagua, ulizia betri. Nyingi ya seti hizi zinatumia betri za 18650, zile za kwenye tochi kubwa, na mara nyingi unazinunua mwenyewe. Ukiona imeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba), rudisha mezani: betri nzuri ya saizi hiyo huwa karibu 2500 hadi 3500. Ukiwa na mizani ya jikoni, ipime. Nzima ina takriban gramu 45. Feki mara nyingi ni nyepesi mno.