Manukato ya Kakao Chungu na Maua ya Poda: Yapi Ununue, na Uyapime Vipi

Kakao chungu na maua ya poda hazikai pamoja kwa urahisi. Kakao nzuri ni kavu, nzito, ina ukali wa kitu kilichokaangwa. Poda ni laini na safi, inakumbusha uso uliokwisha kupambwa. Manukato mengi yanayodai kubeba zote mbili huishia kuwa sukari tupu: kakao inalegea na kuwa chokoleti ya maziwa, nayo maua yanageuka sabuni. Yanayofaulu ni machache. Hapa nimeyapanga kwa kigezo kimoja ninachokiamini kuliko vingine vyote: saa nne baada ya kujipulizia, je, kakao na poda bado zinasikika pamoja, au kimoja kimekwisha kumeza kingine?

Kabla ya kutaja chupa yoyote, ni vizuri kujua unachokinusa.

Sehemu kubwa ya harufu ya poda hutoka kwenye airisi na violeti. Airisi ya manukato haitoki kwenye ua lake. Hutoka kwenye vishina vinavyotambaa ardhini, ambavyo huchimbwa baada ya miaka kadhaa shambani, vikamenywa, vikakaushwa, kisha vikaachwa miaka mingine mitatu hivi hadi harufu ijijenge ndani yake. Kinachopatikana mwishoni huitwa siagi ya airisi, na ni miongoni mwa malighafi ghali kuliko zote katika kazi hii. Kwa hiyo chupa ya bei nafuu iliyoandikwa airisi kwa kawaida inategemea zaidi viambato vya maabara, hasa ayononi, ambazo wanakemia Tiemann na Krüger walizitambulisha mwaka 1893 walipokuwa wakitafuta siri ya violeti. Sioni ubaya wowote hapo. Ayononi iliyopimwa vizuri hutoa poda ya kupendeza kabisa. Ubaya ni pale inapomwagwa bila kitu cha kuishika chini.

Ayononi zina tabia moja ambayo mnunuzi lazima aijue: huchosha pua. Unazinusa, zinapotea kabisa, halafu baada ya muda zinarudi. Watu wengi hudhani manukato yamekufa mwilini, wakaongeza mipulizo mingine, na kumbe aliyeketi jirani yao amekuwa akiyasikia muda wote. Ukiona poda imetoweka baada ya nusu saa, usihukumu. Muulize mtu mwingine, au toka nje ukapate hewa kisha urudi kunusa.

Kakao nayo ina siri yake. Ipo dondoo halisi ya mbegu za kakao zilizokaangwa, lakini mara nyingi mtengenezaji huijenga kakao kwa kuunganisha vitu vingine, na kikubwa kati yake ni pachuli. Majani ya pachuli yana upande wa udongo mkavu unaokaribiana sana na unga wa kakao usio na sukari. Ndiyo maana karibu kila manukato ya kakao chungu yana pachuli ndani yake. Kama pachuli inakukera, tafuta mahali uinuse peke yake kwanza. Ikikushinda huko, orodha iliyo hapa chini nayo itakushinda, na utakuwa umeokoa fedha zako.

Sasa kupima. Kikaratasi cha kunusia kinafaa kuchuja tu: kikikuchukiza hapo, acha. Kikikupendeza, hakijakwambia lolote bado, kwa sababu manukato ya aina hii hufunguka kwa limau, lavenda au viungo ambavyo havidumu, na kakao huja baadaye joto la mwili likishafanya kazi. Puliza mara moja kwenye mkono, usisugue, kisha ondoka dukani. Nusa baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, na tena baada ya saa nne. Usipime zaidi ya mawili kwa siku, moja kila mkono, maana pachuli hung'ang'ania pua. Na siku hiyo usijipake losheni yenye harufu.

Kuna mambo matatu ninayoyasikiliza. La kwanza, je, kakao ni unga au ni peremende? Unga mkavu ndio unaotakiwa. La pili, poda inakaa wapi: juu ya kakao kama vumbi jepesi, au pembeni kama manukato mengine kabisa? La tatu ni mwisho wake. Mengi huanza vizuri yakaishia kwenye vanila ileile unayoikuta kila mahali. Vanila si kosa, lakini ikibaki peke yake hujanunua kakao wala poda.

1. Dior Homme Intense

Hii ndiyo ya kwanza, na kwangu hakuna inayoikaribia. Msingi wake ni Dior Homme ya mwaka 2005, kazi ya Olivier Polge, iliyowashangaza wengi kwa kuweka airisi ya poda, ile tuliyoizoea kwenye vipodozi, katikati ya manukato ya wanaume, ikiwa imezungukwa na kakao na ngozi. Intense ilifuata mwaka 2007. Imepunguza ubaridi wa mwanzo na kuzamisha airisi ndani ya kitu cheusi zaidi, chenye joto. Poda haijapakwa juu ya kakao hapa. Unahisi vyote viwili vilisagwa pamoja. Baada ya saa nne bado vipo, vimeshuka tu karibu na ngozi, na mwisho wake una ukavu wa mbao unaozuia utamu usilegee.

Neno la wanaume kwenye chupa lisimzuie mwanamke. Airisi hii ni ya poda ya uso na rangi ya midomo, na wanawake wanaoivaa huivaa vizuri ajabu. Huenda inawakaa vizuri kuliko manukato mengi yaliyotengenezwa kwa ajili yao.

Angalia jina lote kabla ya kulipa. Mwaka 2020 Dior walitoa Dior Homme mpya ambayo ni ya mbao zaidi na haifuati ule mwelekeo wa airisi na kakao. Ukichukua kisanduku kilichoandikwa Dior Homme pasipo neno Intense, unaweza kufika nyumbani na kitu kingine kabisa. Ile ya zamani iliuzwa baadaye kwa jina Dior Homme Original, na yenyewe ni chaguo zuri kwa anayetaka kitu chepesi chenye lavenda zaidi.

2. Chanel Coromandel

Ilitoka mwaka 2007 katika mkusanyiko wa Les Exclusifs. Pachuli yake imesafishwa hadi ikawa laini kama hariri, ikachanganywa na ubani na ambari, na katikati yake kuna chokoleti nyeupe yenye vumbi vumbi. Giza lake ni dogo kuliko la Dior, na maua yake hayajitokezi moja moja. Unasikia upoda kwa jumla. Nimeipa nafasi ya pili kwa sababu ya uwiano. Kila kitu kinafifia kwa pamoja na polepole, hakuna kinachoachwa nyuma. Ni ghali, na huuzwa mahali pachache. Iliyoandikwa Eau de Parfum (yenye mafuta mengi ya harufu) ni nzito na laini zaidi kuliko Eau de Toilette (yenye mafuta machache) iliyotangulia, kwa hiyo usisome maelezo ya moja ukanunua nyingine.

3. Tom Ford Black Orchid

Ya mwaka 2006. Kama kwako maua ndiyo makubwa na poda si lazima, ipandishe juu. Ina maua mazito, yaliyoiva hadi karibu kupita kiasi, uyoga wa trufeli, chokoleti chungu na pachuli. Ni giza kamili. Inashuka hadi ya tatu kwa sababu poda yake ni hafifu, na kwa sababu inajaza chumba. Mpulizo mmoja unatosha. Mitatu katika gari lililofungwa ni kero kwa wengine. Chupa yake ni nyeusi, huoni kilichobaki ndani, hivyo ukiinunua kwa mtu aliyekwisha kuitumia, ipime kwa uzito mkononi kwanza.

4. Serge Lutens Borneo 1834

Kakao chungu kuliko zote hapa. Christopher Sheldrake aliitengeneza mwaka 2005 kwa kuiweka pachuli mbele kabisa, ikiwa na ukali wa kafuri na unga mkavu wa kakao. Jina linatupeleka kwenye karne ya 19, wakati vitambaa kutoka Asia vilipofika Ulaya vikiwa vimefungashwa na majani ya pachuli ili nondo wasivile. Kwa kakao peke yake ningeipa nafasi ya kwanza bila kusita. Lakini maua hayapo, na poda yake ni ya vumbi la sandukuni kuliko ya meza ya vipodozi. Inafaa sana kuvaliwa chini ya manukato mengine ya airisi: pulizo moja la hii kifuani, kisha airisi nyepesi, kama Infusion d'Iris ya Prada, shingoni. Wapo watakaopenda mchanganyiko huo kuliko hata nambari moja. Kioevu chake kina rangi, kwa hiyo kiepushe na nguo nyeupe.

5. L'Instant de Guerlain pour Homme

Béatrice Piquet, 2004. Anisi na limau mwanzoni, kisha kakao tulivu na pachuli. Ni nyepesi kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kazini na kwa siku za joto kali.

6. Carolina Herrera Good Girl

Watu wengi huanzia hapa, kwa sababu chupa yake yenye umbo la kiatu inaonekana kila mahali tangu 2016. Ina kakao, ina asumini na tuberosi, ina tonka, mbegu yenye harufu tamu kama vanila. Tatizo ni utamu. Kakao inasikika kwa muda mfupi, kisha tonka inashika usukani hadi mwisho. Kama unataka manukato matamu ya jioni yenye maua meupe, ni nzuri na utafurahi nayo. Kama umekuja kutafuta kakao chungu, pita.

Angel ya Mugler, ya mwaka 1992, sijaiweka kwenye orodha ingawa ndiyo iliyofungua mlango huu kwa kugonganisha pachuli na sukari ya maabara kwa kiwango ambacho hakikuwa kimezoeleka. Inuse ili uelewe ukoo huu umetoka wapi. Poda ya maua hutaipata humo.

Kuhusu kuvaa, baridi huyapendeza zaidi kuliko joto. Kwenye joto utamu hupanda haraka na poda inakuwa nzito kooni, kwa hiyo punguza mipulizo na uiweke chini ya nguo, kifuani au tumboni. Ngozi kavu hupoteza airisi mapema. Mafuta yasiyo na harufu yakitangulia husaidia sana. Nunua sampuli ya mililita chache, ivae wiki nzima, ndipo ufikirie chupa. Na chupa ikija, ianzie ile ndogo kuliko zote, ikae kabatini mbali na mwanga na mvuke wa bafuni.

Utasikia pia sifa za Iris Ganache, ambayo Guerlain waliitoa mwaka 2007 na hawaitengenezi tena: airisi juu ya chokoleti nyeupe, nyororo sana. Wanaouza chupa zilizobaki hutaja bei za kutisha. Mwanzo wake ukiwa na uchachu mkali, ujue imekaa vibaya. Hata ikiwa nzima, ni tamu na nyeupe kuliko unachokitafuta, na Dior Homme Intense mpya, iliyofungwa, ni matumizi bora ya fedha hizo.