Nimejiandaa na IELTS miezi minne nikiwa Kirumba, hiki ndicho kilichonisaidia na hiki ndicho kilichonila hela

Majibu yangu ya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao alama ya juu kabisa ni 9, yametoka, kusikiliza nimepata 7.5 na kusoma 7.0, na kabla sijasahau nataka niandike vitu nilivyotumia kwa sababu mimi wakati naanza nilihangaika sana kumpata mtu wa huku kwetu Mwanza wa kunieleza kwa undani, kila niliyemuuliza ananiambia soma sana, sikiliza BBC, basi inaishia hapo. Naongelea kusikiliza na kusoma tu. Kuandika na kuongea nilikuwa na mtu wa kunisahihisha, hiyo ni habari nyingine.

Mimi nafanya kazi maabara ya kiwanda cha samaki upande wa Ilemela, kila siku naandika ripoti za Kiingereza za minofu ya sangara inayosafirishwa nje, wateja wakipiga simu naongea nao tunaelewana vizuri tu, kwahiyo nilijiona niko sawa. Chuo nilichoomba masta kinataka 6.5 kwa jumla na hakuna sehemu kushuka chini ya 6.0. Nikasema hiyo naipata. Jaribio la kwanza nikajipima mwenyewe chumbani, saa mezani, simu nyingine nimezima, kusikiliza nikapata 22 kati ya 40, kusoma 19. Kwenye jedwali la wenye mtihani wenyewe, ukipata karibu 23 ndio unafika 6.0 na karibu 30 ndio 7.0, kwa kusikiliza na kwa kusoma ile ya Academic, yaani ya wanaoenda kusoma chuo, kwahiyo sehemu zote mbili nilikuwa sijafika hata sita. Iliniuma sana siku ile, sikulala vizuri.

Sasa hapo ndio nikafanya haraka nikalipia programu ya simu. Jina sitaji. Inatangazwa kila ukifungua simu, wanakupa wiki moja bure alafu hela inakatwa yenyewe kwenye kadi, kwa dola, kila mwezi, na mimi nilikaa nayo miezi miwili. Shida yangu sio bei, hata ingekuwa bei mara mbili ningelipa kama ingenifundisha. Shida ni kwamba sauti za kusikiliza zilikuwa za mtu mmoja yule yule, anaongea taratibu, neno moja moja, hakuna anayejikatiza wala anayebadilisha mawazo katikati ya sentensi, wakati mtihani wenyewe unakuletea Muingereza, Muaustralia, Mmarekani, mtu wa New Zealand, na wanaongea kama watu wanavyoongea. Alafu ukikosa swali inakuonyesha jibu sahihi basi, haikuonyeshi lilitoka wapi, haina maandishi ya kilichosemwa. Nikisolvu majaribio kumi kwa wiki inaniambia sasa nipo 7.5, sasa nipo 8, nafurahi. Nilivyorudi kujipima na jaribio la kweli nikapata 24. Miezi miwili, 22 kwenda 24! Ile ilinipoteza maboya kabisa na nawaambia wazi, alama zinazotolewa na programu za namna hii msizichukulie kama alama zenu.

Kilichonitoa pale ni vitu viwili, vitabu vya majaribio vya Cambridge na kaka mmoja tunayefanya naye kazi ambaye alishawahi kufanya mtihani huu.

Vitabu kwanza. Kila kimoja kina majaribio manne kamili, na nyuma kuna majibu pamoja na maandishi yote ya sauti za kusikiliza, neno kwa neno. Nilinunua viwili vya mkono wa pili kwa dada mmoja aliyemaliza masomo, nikafuta majibu yake kwa raba, sauti nikazipakua usiku bando likiwa la bei nafuu. Pia kwenye tovuti za British Council na ya IELTS yenyewe kuna majaribio ya bure, sio mengi lakini ni ya uhakika, anza na hayo kabla hujatoa hata shilingi. Kwa hiyo jumla nilikuwa na majaribio kama kumi tu. Kwa miezi miwili iliyobaki yalinitosha na yakabaki, na sababu ya kunitosha ni huyu kaka.

Siku moja tupo mapumziko ya chai nikamuonyesha karatasi yangu ya majibu nikamwambia kaka hebu niangalizie, mimi Kiingereza nakijua, nakosea wapi. Akaisoma muda mrefu bila kusema kitu alafu akaniambia, "Dada yangu, wewe unajibu unachokijua, hujibu alichosema." Nikamuuliza ana maana gani. Akaniambia nunua daftari, kila swali ulilokosa andika kile ulichoandika wewe, alafu fungua nyuma ya kitabu andika sentensi nzima ilivyosemwa, alafu andika kwa nini ulisikia kingine. Jaribio moja usiliache mpaka umemaliza makosa yake yote, hata kama itachukua wiki.

Ilichukua wiki kweli. Lakini daftari lile lilinionyesha vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuniambia.

Cha kwanza ni herufi. Sehemu ya kwanza ya kusikiliza ni watu wawili wanaongea mambo ya kawaida, mmoja anataka kukodi nyumba au kujiandikisha mahali, na mara nyingi kuna jina la mtu au mtaa linatajwa herufi kwa herufi. Mimi shule ya msingi nimesoma Kiswahili, a e i o u zimekaa kichwani toka niko mdogo, sasa Muingereza akitaja E sikio linasikia "i", akitaja I linasikia "ai", akitaja A linasikia "ei" na mkono unaandika E. Ukiwa umetulia unajua, lakini pale unaenda na kasi na sauti inapigwa mara moja tu, hairudiwi, mkono unaandika cha zamani. Nilikuwa napoteza alama mbili kila jaribio kwa herufi tu. Dawa yake nilijirekodi kwenye simu nikitaja majina ya watu na mitaa kwa herufi za Kiingereza, haraka haraka, alafu kesho yake nasikiliza naandika. Dakika tano kila asubuhi nikiwa nasubiri daladala. Wiki tatu tatizo likaisha.

Cha pili ni ile S ya wingi. Hii nadhani ni yetu sisi wote tunaoongea lugha ambazo wingi unakuja mwanzoni, mtu, watu, kiti, viti, ukishasikia mwanzo wa neno umeshajua ni kimoja au vingi, mwisho wa neno sikio linakuwa limeshaondoka. Kiingereza kinaweka wingi mwishoni na kinausema kidogo sana. Jibu likiwa na S na wewe hujaiandika, umekosa. Vile vile tahajia, ukikosea herufi moja umekosa, ingawa ya Uingereza na ya Marekani zote zinakubalika. Na wakisema maneno yasizidi mawili ukaandika matatu, umekosa hata kama jibu lipo humo ndani. Kwenye daftari langu kurasa nne nzima ni S tupu.

Cha tatu ndio kile alichosema kaka. Kwenye sauti mtu anasema tukutane Jumanne, mimi tayari nimeshaandika Jumanne nimeshatulia, yeye anaendelea, samahani Jumanne nina safari, tuweke Alhamisi. Jibu ni Alhamisi. Anataja bei, mwenzake anamwambia hiyo ni ya mwaka jana. Wametunga hivyo makusudi na ni haki yao kwa sababu ndivyo watu wanavyoongea, hata sokoni Mwaloni mtu anakutajia bei ya dagaa mara tatu kabla hamjakubaliana, na ya kulipa ni ile ya mwisho. Nikajizoeza kuandika kwa penseli kidogo pembeni kwanza na kuacha sikio wazi mpaka wahame kwenye swali lingine.

Kusoma ndio kulinitesa zaidi. Saa moja, vifungu vitatu virefu, maswali 40. Kuna aina ya maswali wanakupa sentensi, unaambiwa useme ni True, False au Not Given. False maana yake kifungu kinasema kinyume, Not Given maana yake kifungu hakijasema kitu chochote kuhusu hilo. Ukisoma hivi unaona rahisi. Nilipata jaribio moja lenye kifungu kuhusu samaki wageni kuletwa kwenye maziwa, nikafurahi sana, nikasema hii ni ya nyumbani. Sangara alivyoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, walivyokuja kupungua vibaya miaka ya 1980 hayo nayajua toka utotoni, babu yangu mzaa mama wa Ukerewe alikuwa mvuvi na alikuwa anayasimulia kwa uchungu. Swali likasema wavuvi wa eneo lile walipinga samaki mgeni kuletwa. Nikaweka True bila kurudi kwenye kifungu, nikimsikia babu kabisa masikioni. Jibu lilikuwa Not Given. Kifungu hakikuwataja wavuvi walisema nini, hata mstari mmoja. Na kwenye kifungu kile nilichokijua kuliko vyote ndicho nilichopata alama ndogo kuliko vyote, nilikosa sita kati ya kumi na tatu.

Nilikaa na swali lile jioni nzima. Kuanzia hapo nikawa na sheria, siweki True wala False mpaka niwe nimeweka kidole kwenye mstari unaosema hivyo, kidole kabisa, kisipopata pa kukaa ni Not Given naendelea mbele. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa naenda Capripoint, natafuta jiwe lenye kivuli upande wa ziwani, nasolvu kifungu kimoja kwa dakika 20 bila kuzidisha, alafu naanza kubishana na majibu yangu. Mara ya kwanza kumaliza vifungu vyote vitatu ndani ya saa moja ilikuwa wiki ya saba. Kama hujui jibu jaza tu, jibu la kukosea halipunguzi alama.

Kwa ajili ya sikio la kila siku nilitumia 6 Minute English ya BBC, ni bure, dakika sita, na kwenye tovuti yao kuna maandishi ya mazungumzo. Daladala kutoka Kirumba mpaka kazini kupitia Pasiansi inatosha kusikiliza mara mbili kama hakuna foleni. Siwezi kusema ni mazoezi ya mtihani, wanaongea wazi sana na wanakueleza maneno magumu, lakini imenizoesha kuamka na Kiingereza masikioni na naipenda mpaka leo naisikiliza. Hedifoni nunua, hata za elfu tano za Makoroboi, mimi mwanzoni nilikuwa nasikilizia spika ya simu na mtaa wetu boda na muziki haviishi mpaka saa tano usiku, nilikuwa napima kelele za mtaa sio sikio langu.

Kuna jambo moja karibu linigharimu. Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye karatasi na kwa kusikiliza ukimaliza unapewa dakika 10 za kuhamisha majibu, nikazizoea zile dakika. Nilivyojiandikisha nikachagua ya kompyuta, kumbe kwa kompyuta ni dakika 2 tu za kukagua, unatakiwa uwe unaandika majibu pale pale. Niligundua ikiwa imebaki wiki mbili. Nikaenda intaneti kafe kila jioni kufanya yale majaribio ya bure ya kompyuta, na nikajifunza kupaka rangi mistari kwa mausi kwa sababu kile kidole changu nisingeweza kukiweka kwenye skrini. Jueni mapema mnafanya ipi. Na kusoma hakuna muda wa kuhamisha, kote kote.

Mtihani nilifanyia Dar, nilienda kwa basi siku mbili kabla ili nipumzike. Kusikiliza, kusoma na kuandika vinafuatana moja kwa moja bila mapumziko, kwahiyo wiki za mwisho fanyeni mazoezi ya kuunganisha, mimi nilikuwa napata njaa na kichwa kuuma kwenye kifungu cha tatu mpaka nilipoanza kuunganisha. Yaliyokuwemo kwenye mtihani siwezi kuyasema. Nasema tu kwamba kulikuwa na mahali kwenye kusikiliza mtu alitaja kitu alafu akabadilisha, na mimi mkono wangu ulikuwa bado unasubiri.

Vitabu nimempa mdogo wangu anayesoma Nyegezi, naye nimemfutia kwa raba. Daftari ameniomba nimekataa, nimemnunulia lake jipya.