TAHADHARI WATU WA GOMA: haya "matabishi" (nyongeza ya bure) ya gesi yatatuua

Mama zangu, papa zangu, wadogo zangu, na hasa sisi tunaopika kwenye sherehe: kuna mtu hapa mjini anajaza bombone (mitungi) za gesi bila mizani, na Jumamosi iliyopita nusura atuzike. Jina lake silijui. Hana kibao, hatoi risiti, leo anakaa nyuma ya soko na kesho utamkuta mlangoni pa parseli (kiwanja) nyingine. Lakini maneno yake utayatambua mara moja: "Mama, wengine wanakupimia, mimi nakujazia. Na matabishi juu."

Nilikuwa na harusi ya watu mia mbili upande wa Keshero. Makala, yaani makaa, yamepanda bei, na moshi wa mbabula (majiko ya makaa) sita umenichosha macho, kwa hiyo mwaka huu nimeanza kupika kwa gesi. Nilimfikia saa kumi na mbili asubuhi na mitungi miwili ya kilo 12, baridi ya Goma ikiwa bado mkali. Nilimuona ametumbukiza mtungi wangu mtupu ndani ya beseni la maji baridi, juu yake mtungi mkubwa umepinduliwa kichwa chini, katikati mpira wa bomba. Nikamuuliza mizani iko wapi. Akapiga mtungi kwa kidole, akasema sikio lake ndilo mizani. Nililipa dola mbili pungufu ya bei ya wengine, nikaondoka nimefurahi.

Tulipakia mitungi nyuma ya jeep, tukafunga vioo, tukaiacha kwenye jua uani. Karibu saa sita mchana mtoto wa shemeji yangu akaja mbio: "Mama, gurudumu linatoa upepo." Halikuwa gurudumu. Kilango cha usalama cha mtungi mmoja kilikuwa kimefunguka chenyewe, kinapuliza fyuuu, na harufu ile ya kitunguu kilichooza imejaa gari zima. Hatua kama kumi na tano kutoka pale, wamama wenzangu walikuwa na mbabula mbili za makala zilizokolea, wanachoma mbuzi.

Dereva alishika ufunguo ili aiondoe gari. Ninawaandikia leo kwa sababu baba mkubwa wa bibi harusi, ambaye zamani alifanya kazi kwenye depo ya gesi, alimpigia kelele asiuguse. Cheche moja ya kuwasha gari ingetosha. Aliwatoa watu wote kwa upande upepo unakotoka, akazuia simu, sigara na pikipiki zisikaribie. Mungu alitusaidia: uwanja unateremka kuelekea ukutani, mbabula zilikuwa juu, na gesi ilikwenda chini.

Hapo ndipo yule mzee alituambia neno ambalo mtu wa Goma halisahau. "Fikirini mazuku." Sote tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo, inaua mbuzi na watoto kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mbili. Haipandi juu ikapotea. Inatambaa chini, inaingia kwenye mtaro, kwenye shimo la choo, kati ya mawe yetu haya ya volkano, inakaa pale ikingoja moto. Mazuku inakunyima pumzi. Hii inaweza kukunyima pumzi na pia kulipuka. Hakuna aliyeruhusiwa kusogelea ule ukuta mpaka saa tisa. Harusi ilikula wali umechelewa, na sijali.

Kosa la huyu muuzaji ni hili. Ndani ya mtungi, gesi imo kama maji kwa sababu imekandamizwa. Maji hayo yakipata joto yanavimba sana, kuliko maji ya kunywa mara kumi na zaidi: joto likipanda nyuzi 10, ujazo wake unaongezeka kama asilimia 2 hadi 3. Ndiyo maana mtungi unajazwa kiasi cha asilimia 80 tu, na ile asilimia 20 ya juu ni nafasi ya kuvimba. Yeye nafasi hiyo ndiyo anayokuuzia akiita matabishi. Asubuhi kwenye baridi mtungi unanyamaza. Mchana, ndani ya gari lililofungwa, maji ya gesi yanajaza nafasi yote, na yakikosa pa kwenda shinikizo linapanda ghafla. Ukiwa na bahati, kilango cha usalama kinafunguka na gesi inamwagika. Mitungi mingine haina kabisa kilango hicho.

Nimeambiwa kwamba Marekani mitungi mipya midogo ya kubebeka inawekewa kielea, kitu kinachoelea juu ya maji ya gesi, tangu 1998: gesi ikifika asilimia 80, kinafunga mlango wa kujazia. Mitungi yangu mimi haina kielea. Kinga yangu ni mizani na uaminifu wa anayejaza, na huyu bwana hana hata kimoja.

Kesho yake alfajiri niliipeleka mitungi kwa muuzaji mwenye mizani, imesimama wima nyuma ya pikapu ya wazi, imefungwa kamba. Ule uliopuliza, hata baada ya kumwaga gesi yote ile, ulikuwa bado na kilo 14 na gramu 100 badala ya 12. Na wa pili? Kilo 9 na gramu 200. Nilikaa chini nikapiga hesabu. Nililipia kilo 24. Alinisifia matabishi kwenye mtungi mmoja, kumbe kwenye wa pili amenipunja kilo 2 na gramu 800. Nilipomrudia akasema ni joto tu, gesi "inahama". Gesi haihami kutoka mtungi uliofungwa kwenda mwingine, papa.

Kwa hiyo, ukienda kujaza, angalia shingo ya mtungi. Kuna namba imegongwa kwenye chuma, mara nyingi mbele yake pana neno TARE au herufi T. Huo ndio uzito wa chuma kitupu. Wangu umeandikwa 13.6, ukiongeza kilo 12 za gesi, mizani isome 25.6. Ikisoma pungufu umeibiwa, ikizidi umebebeshwa hatari, na katika hali zote mbili usiupokee. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki wa Kituku, inatosha kabisa. Kutikisa mtungi hakukuambii kitu, wala kuugonga kwa kidole.

Kama tayari uko nyumbani, dalili ni hizi: moto wa jiko unaruka juu, wa njano, unatema, detanderi (kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi) inashika barafu, mtungi ni mzito kuliko kawaida. Maana yake maji ya gesi yanapita pale inapotakiwa kupita gesi peke yake. Zima jiko, funga robine (kifungulio) ya mtungi, utoe nje.

Na sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimesikia ushauri mbaya sana tangu Jumamosi. Usipunguze gesi kwa kufungua robine uani "itoke kidogo". Usiwashe moto ili kuichoma ile ya ziada. Usiulaze mtungi, ukiulaza kilango cha usalama kinaweza kutema maji ya gesi badala ya gesi, na tone dogo la maji hayo linakuwa wingu kubwa mara mia mbili na zaidi. Kilango kikipuliza usikizibe kwa kitambaa wala mkono, ngozi itaganda. Ondoa watu, kaa mbali. Kuupunguza ni kazi ya mwenye vifaa, na usipelekwe kwake ndani ya teksi iliyofungwa vioo wala katikati ya magoti ya abiria wa pikipiki. Motari (madereva wa pikipiki za abiria), wadogo zangu, mkiombwa kubeba mtungi wa mtu huyu, kataeni.

Jana ameonekana tena upande wa Birere, na beseni lake lile lile. Kama umejaza kwake mwezi huu, usingoje kupima. Utoe mtungi ndani leo, usimame kivulini, mbali na mbabula, na mtaro, na wauza mafuta wa chupa, hatua kumi na tano au zaidi, uufunike gunia lililoloweshwa maji. Kisha asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, umtafute mwenye mizani.